Mpaka Mafuta Yanyamaze

Mimi kukaa sikujui. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimeshavaa viatu, na kila mgeni aliyepita nyumbani kwetu, mtaa wa Wabera, aliambiwa hivyo hivyo, kisha wote wananitazama miguu. Hata sasa, na magoti haya, nikiwekwa kwenye kiti kwa nusu saa nitatafuta sababu ya kuinuka: mlango nimeuacha wazi, mbuzi wa jirani ameingia, sijui nani anabisha. Naandika haya na nimeshasimama mara nne. Nayasema mapema ili msomaji asidhani nilikuwa msichana mbaya. Nilikuwa na haraka tu, na kazi niliyopewa haikutaka haraka hata kidogo.

Kazi yenyewe ni nyirinyiri. Anayeijua Isiolo hahitaji maelezo. Kwa asiyejua, ni nyama iliyoanikwa ikakauka, ikakatwa vipande vidogo vidogo kama maharagwe, ikakaangwa mpaka isibaki na tone la maji, kisha ikafungiwa ndani ya mkebe pamoja na mafuta yake. Ikipikwa sawasawa inakaa miezi bila kuharibika, jua liwe kali namna gani. Siku hizi watu wanaiuza kwenye mifuko ya plastiki, unainunua ukiwa unapita tu. Kwetu, miaka ile ya sabini na mwanzo wa themanini, ilikuwa chakula cha safari. Babu zetu waliletwa huku wakiwa askari wa Mwingereza, vita vilipoisha wakabaki, na watoto wao wakashika malori na mifugo. Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mwanamume anayeondoka, na mwanamume akiondoka, mkebe unaondoka naye.

Fundi wetu alikuwa mama yake baba, ambaye kwa Kisomali chetu tulimwita Ayeyo. Nyama alikwenda kuichagua mwenyewe bucha, paja la fahali, nyekundu tupu, akimgombeza mwenye bucha kwa kila mshipa alioupapasa. Nyumbani tuliikata kwa urefu kama mishipi, tukaitundika kwenye waya chini ya mabati ya baraza, mahali upepo wa vumbi unapopita, na chini yake tukawasha moto wa moshi ili nzi wakose raha. Siku mbili nzima mimi nilikuwa mlinzi. Kunguru huyu hapa, paka yule pale, na mimi katikati na ufagio, natamani angalau aje mwizi wa kweli nipate kumkimbiza.

Baada ya hapo ni kukata, vipande mamia kwa mamia, vyote saizi moja. Halafu sufuria.

Ayeyo hakutumia saa kujua nyirinyiri imeiva. Hakutumia macho pia, maana yalishaingia ukungu, wala hakuonja, maana meno ya kutafuna yalikuwa yameshang'oka zamani. Alisikiliza. Nyama ikiingia kwenye mafuta ya moto inapiga kelele kama wanawake kwenye foleni ya bomba la maji. Hayo ni maji yanatoka. Saa moja baadaye kelele zinashuka, zinakuwa mnong'ono, na mjinga anadhani kazi imekwisha. Bado. Kila kipande kina maji yaliyojificha katikati, na hayo ndiyo yanayoozesha mkebe mzima. Inabidi uendelee kukoroga kwa moto mdogo, upande huu, upande ule, mpaka mnong'ono nao ukatike na sufuria ikae kimya. Hapo unatia iliki, unaipua.

"Mafuta bado inaongea," Ayeyo alikuwa akiniambia kila nilipoinua kichwa. "Wewe ngoja inyamaze."

Mimi na sufuria hatukupatana. Kuna siku ilichukua saa tatu kunyamaza, na mimi nimechuchumaa pale, mguu mmoja umekufa ganzi na mwingine unataka kwenda sokoni.

Sharti niseme pia kwa nini jambo hili halikuwa la mzaha. Wanaume wakienda fora, yaani kambi za mbali ambako mifugo hupelekwa nyasi zikiisha, kila mmoja anabeba mkebe wa kwao. Mikebe hufunguliwa mbele ya wote na wote hula pamoja. Mkebe ukifunguliwa ukatoa harufu, wanaume hawasemi kitu. Wanatunga wimbo. Wimbo huo wanawaimbia ng'ombe kisimani, na wachungaji wa kisima kile wanaupeleka kisima kingine, na mwezi haujaisha utakuwa umefika mjini ukiwa na jina la nyumba na jina la msichana aliyepika. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyeharibu mkebe kabla mimi sijazaliwa. Alishakuwa na wajukuu, na bado watu wakimwona sokoni walijishika pua kwa utani. Yeye mwenyewe alicheka nao, lakini sikuwahi kumwona akialikwa kusaidia kupika kwenye arusi.

Basi ukaja mwaka wa ukame. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ng'ombe wetu walikuwa wamesogezwa mbali kaskazini, kupita Biliqo, na mchungaji tuliyemwajiri akaamua kurudi kwao. Baba alikuwa barabarani na lori. Aliyebaki ni kaka yangu mkubwa, na kaka yangu alikuwa mtu wa mjini kabisa: shati la kola ndefu, kitana mfuko wa nyuma, chai ya maziwa mengi na soga za dukani. Akaambiwa aende fora, akae na wanaume wawili Waborana wa Biliqo waliokuwa na ng'ombe wao kule, mpaka mvua inyeshe. Siku arobaini, labda zaidi. Ng'ombe walikuwa hawana maziwa ya kushibisha mtu. Kwa hiyo mkebe ule haukuwa kitoweo cha kujifurahisha. Ndio ungekuwa chakula chake.

Tuliandaa nyama. Siku ya kukaanga ikaangukia siku ya arusi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na bibi arusi alikuwa rafiki yangu wa darasani. Tangu adhuhuri wanawake walikuwa uani kwao, ngoma inalia, mmoja anatunga beti za kumsifu bibi arusi na wengine wanamjibu kwa vigelegele. Mama alikuwa huko tangu asubuhi akipika. Nguo yangu mpya ilikuwa kitandani, imenyooshwa, inaningoja.

Ayeyo alijitanda shali yake, akachukua fimbo, akaja kusimama mbele ya sufuria. Akainamisha sikio.

"Hii bado inaongea sana," akasema. "Koroga pole pole. Ikinyamaza kabisa, toa, mimina kwa mkebe, funga, ndio ukuje. Kabla ya hapo usikuje."

"Sawa, Ayeyo."

"Na usiinunie hivyo ukaanza kulia juu yake. Hapa maji haiingii hata ya macho."

Akaenda. Nikabaki na mwiko.

Nilikoroga. Kelele zikashuka zikawa mnong'ono. Ngoma kule ikapanda. Nikasikia sauti ya msichana mmoja niliyemjua, ambaye hata kucheza hajui, akishangiliwa, na damu ikanichemka kuliko mafuta yale. Nikakoroga kwa nguvu, kana kwamba nguvu zingesaidia. Nikaenda mpaka kwenye lango nikachungulia, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Sufuria ilikuwa bado inanong'ona. Nikajiambia hayo ni makaa. Nikajiambia ni mwangwi wa ngoma. Nikajiambia Ayeyo ni mzee, anasikia vitu ambavyo havipo. Lakini nilisikia. Nataka hili lieleweke, maana maisha yangu yamezunguka hapo: nilisikia vizuri kabisa.

Nikaipua.

Nilimimina nyama kwenye mkebe, nikaongeza mafuta juu kina cha vidole viwili badala ya kimoja, nikijidai kwamba yangefunika kosa. Nikagandamiza kifuniko, nikakifunga kwa kitambaa na kamba. Ilibaki kidogo isiyoingia mkebeni, nikaitia kwenye kikombe cha bati nikakisukuma uvunguni mwa kitanda changu. Nikaoga kwa kopo moja la maji na nikafika arusini nikihema.

Ayeyo alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wazee. Aliitambua hatua yangu kabla sijasema neno.

"Imenyamaza?"

"Imenyamaza."

Akanishika mkono, akauinua mbele ya wanawake wote. "Huyu amepika mkebe ya kaka yake ya fora, peke yake," akasema. "Sasa ni mtu mzima." Wakanipigia vigelegele. Nikacheza mpaka kisigino kikachubuka.

Kaka aliondoka asubuhi iliyofuata kwa lori la mtu aliyekuwa anakwenda Merti kupitia Biliqo. Alipanda juu ya magunia, mkebe wangu katikati ya magoti yake, akawa ananitania kwamba akifa njaa nisimrithi kitana. Watu walicheka. Mimi nilisimama chini, mkono kwenye ubao wa lori, na maneno yamo mdomoni. Ningesema tu, "Shusha hiyo, haijaiva." Yangekuwa maneno machache mno. Ayeyo alikuwa nyuma yangu akisoma dua. Majirani walikuwa pale, wale wale walionipigia vigelegele. Dereva akawasha injini, nami nikasema, "Safari njema."

Kuanzia hapo sikutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Niliteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Nilianza kuamka kabla ya adhana na kufagia uwanja, na mama akasema Mungu amesikia maombi yake. Kila lori lililoingia kutoka kaskazini lilinitoa nyumbani. Nilikuwa nakwenda hadi kwenye kizuizi cha polisi, mahali magari yote husimama kukaguliwa, nawauliza madereva kama wamepita Biliqo, kama wamemwona kijana mwenye shati la kola ndefu. Wengi hawakuwa wamemwona. Mmoja aliniambia, "Huyo niliona. Amekonda, lakini huko nani hajakonda?" Akacheka, nami nikarudi nyumbani na hiyo "amekonda" kifuani.

Siku ya tisa nilikivuta kile kikombe kutoka uvunguni. Sikuhitaji kukiinamia. Harufu ilikuja yenyewe, chungu, na juu ya nyama kulikuwa na manyoya meupe yenye ukijani kidogo. Nilikaa chini sakafuni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kukaa bila kutaka kuinuka.

Na hapa ndipo nisipojisamehe. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimesikia kwamba lori la jirani yetu litaondoka kesho yake kwenda Biliqo. Kulikuwa na nafasi ya kupeleka unga, tende, hata mkebe mwingine kama tungekesha. Lakini ili kupeleka chochote ningelazimika kwenda kwa Ayeyo, aliyekuwa amekaa barazani na tasbihi yake, nimwambie kwamba nilimdanganya mbele ya watu. Nilitoka chumbani nikafika karibu naye. Akasema, "Nani huyo anatembea hivyo? Njoo nisuke nywele." Nikakaa akanisuka. Alipomaliza nikaenda nyuma ya choo nikachimba shimo, nikafukia ile nyama na kikombe chake. Lori la jirani likaondoka.

Nilitamani ashuke mtu kutoka kule aje kunipiga. Nilitamani niugue. Sikuugua, nilikuwa mzima kama ng'ombe wa mashamba ya Meru.

Mvua ikanyesha. Kaka akarudi siku ya arobaini na nne, na aliposhuka kwenye lori mama aliweka mkono mdomoni. Lile shati lilikuwa linamning'inia. Macho yamekwenda ndani, midomo imepasuka. Mkononi alikuwa na mkebe, umesuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka unang'aa. Akamwamkia Ayeyo, akamwamkia mama, kisha akanigeukia mimi akanipa.

"Abayo," akasema, ndivyo tunavyomwita dada, "ilikuwa tamu. Hatukuacha hata chembe."

Nilimtazama usoni kutafuta utani na sikuupata. Basi nikaamini. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini, na mtu anayetaka kuamini hakosi hoja: kikombe kilikuwa hakina mafuta ya kutosha juu, mkebe ulikuwa nayo. Joto la kule pengine lilimaliza kuukausha. Nililia kwa furaha, nikamcheka alivyokonda, nikamwambia amekuwa kama waya wetu wa kuanikia nyama. Ayeyo alimshukuru Mungu na kusema sasa anaweza kuniachia sufuria. Akaniachia kweli. Alipofariki, miaka miwili baadaye, nilikuwa mimi ninayepika nyirinyiri ya nyumba nzima. Sikuipua tena kabla ya wakati wake. Nilikuwa nachuchumaa pale nasikiliza hadi masikio yanauma, na watu wakasema nimerithi mikono ya Ayeyo.

Ilipita miaka sita au saba tangu kaka arudi. Nilikuwa nimeolewa hapa hapa Wabera, nina watoto wawili. Asubuhi moja akaja mgeni, mzee kiasi, kitambaa cheupe kichwani, ameleta mbuzi sokoni na ana salamu za kumpa mume wangu kutoka Biliqo. Mume wangu hakuwepo. Nikamkaribisha barazani, nikamwekea chai, chapati, na nyirinyiri kwenye bakuli dogo.

Alionja. Akaonja tena. Kisha akaanza kucheka, mabega yanatikisika.

"Wewe ni dada ya yule wa lori?" akauliza, akamtaja kaka yangu. "Basi hii ndio ile amana?"

"Amana gani, baba?"

Ndipo akanieleza, anakula huku anacheka. Yeye alikuwa mmoja wa wale wanaume wawili wa fora. Siku ya kufungua mikebe, kaka yangu alichukua wake kando kidogo, nyuma ya kichaka, akarudi nao umefungwa tena. "Akasema, hii si yangu. Hii ni amana ya shangazi yangu, amehama na ng'ombe, nikimpata nampa. Sasa amana utafanya nini? Amana ya mtu haiguswi. Sisi tukafungua zetu."

"Na yeye akala nini?"

"Sisi tulimwambia kula. Yeye akakataa. Alisema mtu hajaleta kitu hawezi kutia mkono. Alikuwa anakunywa maziwa kidogo, na chai ya rangi. Siku ingine hakuna maziwa." Akafuta vidole. "Sisi tulisema huyu mtu wa mjini ni mchoyo. Amebeba nyama, amelalia nyama, na anasema amana. Tulimwita mchoyo mpaka mbele ya watu wa visima vingine. Yeye ananywesha ng'ombe tu."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nakumbuka lilikuwa linanichoma na sikuliweka chini.

"Halafu kabla ya kurudi," akaendelea, na sasa hakuwa anacheka, "mimi niliamka kutafuta ndama. Nikamwona anachimba shimo. Akamwaga hiyo kitu yote. Harufu ilinifikia mimi mbali kule. Akaosha mkebe na mchanga, akaosha, akaosha. Nikarudi nyuma polepole. Mtu anaficha aibu ya nyumba yake, wewe utamwambia nini? Hata huyo mwenzangu sikumwambia." Akavuta bakuli karibu. "Leo nakuambia kwa sababu hii yako ya sasa ni tamu sana. Hakuna mtu ataimba."

Alipoondoka niliacha moto unawaka, nikaacha watoto kwa jirani, nikaenda mtaa wa Chechelesi ambako kaka alikuwa na nyumba yake. Nilitembea haraka na nilikuwa na hasira. Ajabu, hasira yenyewe ilikuwa juu yake. Kwa nini hakunigombeza? Kwa nini hakunitupia mkebe ule miguuni siku ile, nikalia, tukamaliza? Aliniacha nisifiwe miaka yote hii. Aliniacha nimcheke alivyokonda.

Nilimkuta uwanjani mwake amechuchumaa kando ya gurudumu la lori, anaziba pancha. Sikutoa salamu.

"Nyama ya mkebe ule uliifukia," nikasema.

Alinitazama, kisha akaangua kicheko. "Nani amekuambia? Yule mzee wa Biliqo? Kumbe aliniona!"

"Walikuita mchoyo."

"Waliita. Sasa?" Akarudi kwenye pancha yake. "Wewe ulikuwa mtoto, abayo. Ulikuwa na miaka kumi na tano, sufuria ikakudanganya. Hata Ayeyo lazima ilimdanganya siku moja. Ningewaachia wale waimbe, wangekuimba mpaka uzeeke. Mimi mchoyo inanidhuru nini? Niliwanunulia majani ya chai baadaye, yakaisha."

"Ulikufa njaa."

"Sikufa. Niko hapa."

Tungeweza kuishia hapo. Alikuwa ananifungulia mlango nitoke, kama alivyonifungulia siku ile aliporudi. Ningeweza kumshukuru, nikalia kidogo, akanitania, tukanywa chai. Miguu ilikuwa tayari inataka kugeuka. Nikaizuia.

"Sufuria haikunidanganya," nikasema. "Ilikuwa inaongea na nilisikia. Niliipua nikaenda kucheza. Ayeyo aliniuliza nikasema imenyamaza. Ulipokuwa juu ya lori nilijua. Na siku ya tisa nilikuwa na nyingine kwenye kikombe nikaona imeoza, na lori la Biliqo lilikuwa linaondoka kesho yake, na sikusema."

Mikono yake ilisimama. Kibao cha kusugulia mpira kilikuwa bado mkononi. Kisha akachukua kitambaa akaanza kujifuta, kidole kimoja kimoja, na hakuinua uso.

"Siku ya tisa," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikaa kule nikisema, masikini, huyu mtoto akijua itamuua." Akakunja kile kitambaa, akakiweka juu ya gurudumu. "Nenda nyumbani, abayo. Leo sitaki kukuona."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angepiga kelele. Nilirudi Wabera na kila niliyekutana naye njiani nilimpita bila salamu. Nyumbani moto ulikuwa umezima. Sikuuwasha, na watoto walikula kwa jirani.

Kesho yake, jua lilipopanda kidogo, nilirudi Chechelesi. Nilikwenda mikono mitupu, maana sikuweza kufikiria chakula cha kumbebea mtu yule. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango na kikombe cha chai. Nikasimama mbele yake. Sikusema samahani, nilikuwa nimeirudia njia nzima na ilikuwa imechakaa mdomoni. Alikunywa mpaka chai ikaisha. Halafu akauliza, huku anatazama barabara, "Umekula?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja, hata kama hujagusa kitu tangu jana: unasema nimekula, alhamdulillahi, usije ukamsumbua mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikasema sijala.